Malalamiko Juu ya Mke Aliyeshikwa na Uchungu Bila Kibali

Mkongani, Kwale
Agosti 1998

Kwako Bwana Mkuu, Idara ya Safari za Serikali
(kwa sasa yuko semina ya kupunguza moshi, hotelini Diani)

Shikamoo bwana, na shikamoo nyingine uiweke akiba.

Nimeusoma waraka wako uliobandikwa langoni mwa kituo cha magari hapa kwetu: kwamba ili kubana mafuta na kupunguza moshi, hakuna gari litakalotoka bila sahihi ya mkono wako. Jambo zuri sana. Malalamiko yangu ni juu ya wanaouhujumu waraka huo, na wa kwanza ni mke wangu.

1. Rispah alishikwa na uchungu jana asubuhi, peke yake, bila kuuliza kama sahihi ipo. Barabara imekatwa na mvua, matatu hazipandi tena huku, na magari pekee yanayoweza kupita ni Landrova zako mbili za kituoni. Gedion, dereva wa ile ya kwanza, alikataa kuondoka, na simlaumu, maana aliyemtangulia alimpeleka mgonjwa bila sahihi akafukuzwa. Simu ya upepo nayo mmeizima kuokoa umeme. Basi ikatumwa Landrova ya pili kuja Diani kuiombea ile ya kwanza sahihi (hiyo ni safari ya kiofisi, haihesabiwi), ikarudi na jibu lako: mgonjwa mmoja ni hasara, wangojwe wafike watano. Wallahi, hesabu safi! Naomba idara iwapangie wake zetu ratiba, wazae kwa mafungu.

2. Shemeji yangu Linet, anayetandika vitanda hotelini hapo, anaeneza fitina kwamba gari lako linanguruma kivulini kutwa, ili ukitoka seminani ukute kiti baridi. Nimemkaripia. Moshi huo ni wa kujifunzia moshi, yeye atauelewaje?

3. Punda wa jirani yangu Iddi. Tulimpandisha Rispah kwenye mkokoteni, na yule mnyama asiye na adabu akajamba toka kwangu mpaka darajani. Daraja lenyewe halipitiki kwa mkokoteni, tukageuza, akajamba tena kurudi. Naomba apimwe moshi.

4. Mtoto. Hakungoja wenzake wanne. Amezaliwa leo alfajiri mikononi mwa mkunga wetu, Mwanarusi, na tangu hapo anapumua atakavyo na kulia kwa nguvu zote, habani chochote. Hasira zilinipanda, bwana, kumwona mwananchi mpya anavyofuja.

Wasalimie wanasemina wote na wapishi wao, na dereva wako asiyezima injini mpe pole ya joto.

Ni mimi, mbanaji mwenzako,
Menza Nzai

Baada ya kuandika: Nilikuwa nafunga bahasha Mwanarusi akaniita. Damu ya Rispah haikatiki. Bwana, yote niliyoandika hapo juu nimeyafuta, nilikuwa na hasira, nisamehe. Landrova ya pili imemaliza mafuta kwa ile safari ya jana. Iddi anakujia na barua hii kwa baiskeli. Gedion ameshakaa kwenye usukani, anangoja. Usihangaike kutafuta karatasi nyingine. Tia sahihi hapa chini, nimekuachia nafasi.