Vespa ya Mfenesi

Jumatatu, 19 Januari

Pikipiki imekwisha kutengenezwa. Miezi kumi na minne. Mume wangu Nasser aliianza mimba ya Asila ikiwa changa, na sasa Asila, mtoto wetu, ana meno mawili. Mbele ni vespa ya marehemu babu yake. Injini ya Honda. Ubavuni ameweka kigari cha mti wa mfenesi, kina nakshi na misumari ya shaba kama mlango wa Mji Mkongwe. Kigari ni changu na mtoto. Leo tumekikalia uani saa nzima. Hatukwenda popote, nimefurahi vile vile.

Jioni akaja Bwana Zahran, mwenyekiti wa wapenda vespa. Akaizunguka mara tatu, mikono nyuma. Akasema hii si vespa, huu ni mlango wa watu umetoroka. Safari yao ya Jumapili kwenda Mangapwani ni ya vespa za asili tu. Ila wenzake watapita Ijumaa baada ya Alasiri, waitazame, waamue.

Nasser akacheka naye. Zahran alipoondoka akaniambia wakiikataa ataifungua yote, mbao amrudishie seremala. Kisha akala nusu sahani. Nasser hali nusu sahani.

Haifunguliwi. Nshaamua.

Jumanne, 20 Januari

Nimekwenda kwa Rukaiya, mke wa Zahran, nyumba ya tatu. Nikamwambia, shoga, hii siri yako na yangu: kuna watu wa Maskati wanaitaka pikipiki ya Nasser kwa harusi. Uongo mdogo. Siri haikai kwa Rukaiya hata chai ikapoa, nami nilitaka imfikie mumewe, aione pikipiki ni kitu cha maana.

Hadi Magharibi imefika kila mahali, lakini njiani imekua. Nasser anahamia Maskati. Nasser anaoa Maskati. Mama kapiga simu kutoka Tumbatu, analia, anauliza nitarudi na mtoto lini, waje kunipokea pwani. Nikamwambia ni uongo, nimeutunga mwenyewe. Akasema walioachwa wote husema hivyo.

Tukalia pamoja. Sijui mimi nililia nini. Nasser alipoingia nikamnunia, na maskini hajui kosa lake.

Alhamisi, 22 Januari

Nimefikiri sana. Mgeni hapokewi na kitu kinachonuka oili. Nguo zinafukizwa, nyumba inafukizwa, bibi harusi anafukizwa. Pikipiki je?

Petroli niliikumbuka. Mimi si mjinga. Nilimwambia Nasser aitoe yote, aipeleke mbali, tangi lipate hewa. Alinitazama lakini akaitoa. Alipokwenda gereji nikatia makaa kwenye chetezo, nikatia udi mzuri, ule wa arubaini ya Asila, nikakiweka chini ya kiti cha dereva na kufunika kanga juu, moshi usipotee. Nikaenda kumnyonyesha mtoto.

Mtoto akalala. Na mimi nikalala.

Kiti kwa juu hakina neno. Kwa chini sponji imeyeyuka yote, imebaki ngozi tupu. Nimejaza mto wa Asila na kanga mbili. Ukibonyeza kwa kidole huwezi kujua.

Harufu lakini, mashaallah.

Ijumaa, 23 Januari

Wamekuja tisa, wote na vespa zao zinang'ara. Nilikaa dirishani na Asila. Rukaiya akaja kukaa nami, akampakata mtoto, eti kunifariji mapema, kabla sijaachwa.

Mmoja alipiga magoti mbele ya injini kama anasikiliza mgonjwa. Mmoja aligonga mbao akauliza mchwa tutamfanyaje. Wawili walibishana taa ya mbele ni ya mwaka gani, wakavutana kola, ikabidi watenganishwe. Mzee Ubwa, mkubwa wao, alifumba macho, akavuta pumzi, akasema hii inanukia kama siku aliyooa. Akarudi kunusa tena.

Zahran akasema yeye huamua akishakaa. Akakaa. Akazama. Magoti yakafika masikioni, na kutoka hawezi. Watu wanne walimvuta. Rukaiya alicheka mpaka akanipa mtoto nimshike, na mtoto ni wangu.

Zahran akauliza kwa hasira nani kaharibu kiti. Nasser alikuwa ameshaiona kanga yangu inachungulia. Akatazama dirishani. Akasema ni yeye, amekosea kukishona. Nikauficha uso kwa Asila.

Zahran akasema basi, haiendi, si ya asili. Hapo Mzee Ubwa akamuuliza Zahran pistoni ya vespa yake ameipata wapi. Zahran akakohoa. Ya Bajaji. Mzee Ubwa akamgeukia wa pili, akakuta kabureta si yake. Wa tatu akaanza kutafuta funguo zake chini wakati ameshika mkononi. Mzee akasema mimi mwenyewe nyonga si yangu, nimewekewa, na hamjanikataza kwenda Mangapwani.

Inakwenda. Ila nyuma ya wote.

Usiku Nasser kala sahani mbili.

Jumapili, 25 Januari

Nasser kashona kiti kipya. Tumekwenda. Nilikaa kigarini, Asila kifuani, upepo wote wetu. Watu walitoka madukani kututazama. Bibi mmoja njiani alitupigia vigelegele, kadhani harusi. Nikampungia kama bibi harusi.

Mangapwani wageni waliacha kwenda pangoni, wakapiga picha pikipiki. Zahran alisimama katika kila picha.

Kabla hatujarudi Nasser akaniambia kitu kimoja tu, kwa upole. Mwanakheir mke wangu, nakuomba, usinisaidie tena. Nikasema naam. Akaniuliza kama nimeahidi. Nimeahidi, na nimeahidi kwa moyo.

Jumatatu, 26 Januari

Jana tulikula vumbi la watu tisa mpaka Mangapwani na kurudi. Mtoto alipiga chafya tano. Mbele hukaa mwenyekiti, ndiyo kanuni yao. Na Rukaiya kanambia uchaguzi wa mwenyekiti ni mwezi ujao, na kila mwaka Zahran husimama peke yake.

Nasser alipokwenda kusali Adhuhuri nikamwandikia barua ya kugombea. Mistari minne, mwandiko wangu mzuri. Sahihi yake naijua. Nshampelekea Mzee Ubwa, akaisoma mara mbili, akanitazama, akaiweka mfukoni.

Hii si kumsaidia. Kusaidia ni mtu akijua.