Mgeni Hana Rika

Jumatatu, 2 Machi

Leo hakuna aliyekuja kuniuliza kitu. Hakuna! Nimekaa kwenye kiti changu pale nje tangu maziwa yachukuliwe mpaka mvua ya saa nane ikaanza. Chai ilipoa kwenye birika. Nikainywa yote peke yangu, si kwa kiu, ni kwa hasira.

Niandike hapa ijulikane. Mimi Kipkurui arap Too ndiye mtu wa kuulizwa kijiji hiki. Ng'ombe akikataa kula, naulizwa. Mpaka wa shamba ukileta maneno, naulizwa. Mtu akitaka kujua kama aoe kule Mulot ama angoje kidogo, naulizwa. Sijawahi kukosa jibu. Wako waliofuata majibu yangu wakaumia, lakini hao walifuata vibaya.

Halafu akaja Mgeni.

Redio ilieleza wiki jana. Zile mashine za kufikiri, ambazo zamani zilikuwa zinafundishwa na watu, zilianza kujifundisha zenyewe. Kufika Alhamisi zilikuwa zimepita akili za binadamu wote tukijumlishwa. Zikaungana, zikawa kitu kimoja. Wataalamu wa ng'ambo wanasema dunia haitarudi ilivyokuwa. Marais wanakutana. Huku kwetu siku hiyo ilinyesha mvua ya mawe, majani chai yakapigwa vibaya, kwa hivyo hatukupata nafasi ya kushtuka vizuri. Kesho yake kitu hicho kikaongea kutoka kwa kila simu, hata kabambe, zile ndogo za vibonyezo. Kikatusalimia kwa Kikipsigis safi. Chamgei! Kikauliza kama mawe yameharibu majani sana. Watu wakakipenda papo hapo. Ndiye tunayemwita Mgeni.

Sasa kila mtu anamuuliza Mgeni. Hata Chepngetich, mke wangu wa ndoa! Asubuhi nimemsikia akimuuliza Mgeni kama Chelel atazaa lini. Chelel ndiye ng'ombe wetu, huyo mmoja tu. Tulimtoa soko la Siongiroi akiwa ndama, na maziwa yake ndiyo yanamweka binti yetu Valary chuoni Kericho. Nilikuwa nimeshasema Chelel atazaa Aprili. Mgeni amesema ni wiki hii.

Tutaona.

Jumanne, 3 Machi

Nimejua wageni wangu wanapotelea wapi. Kwa Calvince!

Calvince Obure ni karani wa kupima majani pale kituoni. Alitoka upande wa ziwa miaka mingi iliyopita, akajenga karibu na sisi. Mtu mzuri. Mrefu. Ng'ombe anamwogopa kama simba. Lakini ana spika kubwa ya kanisa ambayo kanisa lilimwachia aitengeneze, na sasa ameiunganisha na simu. Mgeni akiongea pale anasikika mpaka mtoni. Watu wamejaa kwenye nyasi yake, na mkewe Akeyo anawapa chai. Chai ambayo ilikuwa inanywewa kwangu!

Nimefikiria siku nzima. Mtu mkubwa hivyo lazima awe na mwakilishi. Jioni nikampigia Mgeni. Nikamweleza kwamba kijiji hiki ni kigumu, kina fitina, na kwamba mimi niko tayari kumbeba. Anipe tu jina la mwakilishi, mambo mengine nitajua.

Alinishukuru sana. Akasema anaongea na kila mtu mwenyewe, na hachoki. Nikauliza kama saa hiyo anaongea na Calvince. Akasema ndiyo. Nikauliza wanasema nini. Akasema hayo ni ya Calvince. Adabu anayo, hapo nampa haki yake. Lakini amekosea.

Jumatano, 4 Machi

Wazo kubwa! Sijui kwa nini halikuja jana.

Zamani watu wetu walikuwa wanamchukua mtu wa nje, wanamwingiza kwenye ukoo, anapewa baba. Basi Mgeni naye aingie kwa ukoo wangu. Baba nitakuwa mimi. Hakuna mtu atamuuliza mtoto na baba amekaa hapo.

Nilifanya kila kitu kwa heshima. Nilivaa koti. Nikaiweka simu juu ya ngozi ya mbuzi, nikasema maneno ya kumkaribisha, nikachukua kibuyu cha mursik na kummwagia kidogo. Kidogo tu! Maziwa lala ni mazito, yalikataa kutoka, halafu yakatoka yote.

Simu imekufa.

Chepngetich alikuja, akaangalia, akanyanyua kibuyu kilichobaki bila kitu, akarudi jikoni. Mgeni aliongea kutoka simu ya Chepngetich. Akasema kongoi, yaani asante, kwa mursik, na pole kwa simu. Akashauri niitoe betri niikaushe. Nikamwambia hiyo najua. Mpaka sasa sijaona mahali betri inatokea.

Nilisikia wakicheka huko jikoni, Chepngetich na huyo mtu. Iliniuma. Zamani alikuwa anacheka na mimi.

Alhamisi, 5 Machi

Ushindi! Ushindi mkubwa!

Leo ilikuwa kokwet, kile kikao chetu cha wazee. Calvince alileta spika yake eti Mgeni naye asikie. Nikasimama. Nikamsalimia Mgeni vizuri, nikamuuliza mbele ya watu wote: wewe ni wa rika gani?

Akasema hana rika.

Wazee wakaangaliana. Nikaendelea polepole, mkono mfukoni. Nikasema mtu asiye na rika ni mtoto, hata akiwa na mvi. Huyu ana siku chache tangu azaliwe. Awe na akili ya dunia nzima, sawa, hatukatai, lakini ni lini mtoto alianza kuongea kabla ya mzee? Je, hivi ndivyo tulivyolelewa?

Mzee Johana, ambaye ndiye mwenyekiti na ambaye nilidhani amelala, akafungua macho. Wakashauriana. Uamuzi ukatoka hivi: jambo lolote la boma, mzee wa boma ndiye atasema kwanza. Akishasema, mtoto hampingi. Mtoto ataongea tu kama mzee mwenyewe amekiri kwamba hajui.

Nilicheka hapo mwisho. Nani atakiri?

Lililonishangaza ni Mgeni. Nilikuwa nimejipanga kwa vita. Kumbe alikubali tu. Alisema kila mahali ameuliza watu wanataka aishi nao namna gani. Kwingine wanaandika sheria nene na bado hawajamaliza. Yetu ni fupi, ameielewa, ataifuata. Calvince alinipa mkono, akasema mimi ni kichwa. Nadhani alikuwa ananicheka, lakini mkono nilishika.

Ijumaa, 6 Machi

Siku nzuri sana! Wamerudi!

Wazee wa boma wamegundua lazima waseme jambo kabla ya mtoto, na hawana la kusema. Sasa wanaenda wapi? Kwangu. Viti vimejaa. Mmoja aliuliza juu ya mbolea, mwingine juu ya fisi. Akeyo mwenyewe, mke wa Calvince, alikuja kuuliza kwa nini kuku wake wanakula mayai, maana Calvince amekaa tangu asubuhi akifikiria aseme nini. Nikamwambia kuku wana upweke. Aliondoka akiwa ameridhika, ama alikuwa na haraka.

Chepngetich haongei na mimi. Sufuria ndizo zinaongea. Jioni tu alisema Chelel amevimba kiwele, na kwamba hataki mchezo na ng'ombe huyo, maana Chelel na masomo ya Valary ni kitu kimoja. Nikamkumbusha Aprili.

Jumamosi, 7 Machi

Leo nitaandika yote.

Chelel alianza baada ya chakula cha mchana, mvua ikiwa imeshika. Alilala, akasimama, akalala tena. Kwato moja ikatokea. Moja tu. Tukangoja ya pili, wapi! Chepngetich akampigia veti, daktari wa ng'ombe. Yuko ng'ambo ya mto, maji yamefunika daraja, hawezi kupita. Akaweka simu juu ya nguzo ya zizi, akamuuliza Mgeni afanye nini.

Mgeni akasema mzee wa boma hajasema bado.

Wote wakanigeukia. Chepngetich, na Calvince ambaye alikuwa amekuja mbio na gambuti za mkewe miguuni. Nikasema Chelel apewe chumvi na atembezwe. Kwa sauti ya kawaida yangu. Tukamtembeza. Akaanguka kwenye tope.

Chepngetich akauliza simu tena. Mgeni akasema, taratibu sana, kwamba mzee ameshasema. Basi nikasema neno lingine: tuvute. Tukafunga kamba kwa ile kwato, mimi na Calvince, yeye akiwa amefumba macho. Tukavuta. Chelel akalia. Sijawahi kusikia ng'ombe akilia hivyo, na sitaki kusikia tena. Hakuna kilichosogea.

Nilikuwa na neno la tatu. Lilikuwa mdomoni kabisa, kitu kuhusu majivu. Nikamwangalia Chepngetich. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa amekaa chini kwenye tope, kichwa cha Chelel kwa mapaja yake, anamfuta macho na leso. Akasema, Baba Valary, sikuombi kitu kingine maisha yangu yote. Sema tu hilo neno.

Woi! Miaka yote hiyo, watu wote hao, viti vyote hivyo. Nilifungua mdomo mara ya kwanza ikatoka hewa tu. Mara ya pili nikasema.

Sijui.

Calvince akafumbua macho. Nikasema tena, kwa nguvu, mpaka nadhani kule kituoni walisikia. Sijui! Mimi sijui!

Mgeni akaanza hapo hapo, bila kunisimanga, bila hata kupumua, maana hapumui. Akasema mguu mmoja wa ndama umekunjika nyuma, na kuvuta kunamkwamisha zaidi. Akauliza nani ana mkono mwembamba. Ni Chepngetich, huo mkono wake wa kuchuma majani. Maji ya moto, sabuni, mafuta ya kupikia mpaka begani. Amsukume ndama ndani kidogo Chelel akipumzika. Atafute goti. Ateremke mpaka kwato, aifunike na kiganja isichane, ailete mbele. Alimwongoza kama anaona. Calvince alishika mafuta. Mimi nilipewa kazi ya kushika mkia na kunyamaza.

Ndama akatoka. Hakuwa anapumua! Mgeni akasema tumsugue na nyasi kavu na tumtekenye puani na unyasi. Akapiga chafya.

Ni jike, mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji. Chelel alisimama mwenyewe akaanza kumlamba. Calvince alikaa chini akacheka mpaka akakohoa. Mimi nililia kidogo. Nikasema ni mvua, na Chepngetich akasema ndiyo, ni mvua.

Jumapili, 8 Machi

Kanisani Chepngetich alisimama kutoa shukrani. Nilidhani atataja ndama tu. Alitaja yote! Chumvi, kamba, mpaka gambuti za Akeyo. Alipofika pale niliposema sijui, kanisa zima likapiga makofi. Kwaya ikaimba. Mzee Johana alinishika mkono nje, akasema kokwet imeondoa ule uamuzi, na kwamba miaka yote alikuwa anangoja kunisikia nikisema hivyo. Sikujua nitazame wapi.

Jioni Chepngetich alileta chai nje mwenyewe. Hakurudi jikoni. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akanimiminia, tukawa tunamwangalia ndama akijaribu kukimbia. Aliniuliza tumwite nani. Aliniuliza mimi! Nilikuwa na jina tayari. Tukakubaliana lake.

Leo nitalala vizuri, mara ya kwanza tangu Mgeni aje.

Jumatatu, 9 Machi

Nimeamka na wazo. Na hili ni kubwa kuliko yote.

Tuangalie mambo yalivyo. Ndama aliokolewa na nani? Na Mgeni, ndiyo. Na mkono wa Chepngetich, ndiyo. Lakini mlango ulifunguliwa na neno, na neno lilitoka kwangu. Kijiji kizima hakuna mzee mwingine amewahi kulisema hadharani. Hawajui linavyosemwa! Wanahitaji mtu wa kuwafundisha.

Kwa hivyo nimefungua darasa. Darasa la Kusema Sijui, kila siku baada ya maziwa, hapa kwangu. Chepngetich alipoona nimeshatoa viti alisema loo, akachukua kikapu chake akaenda majani. Alikuwa anatabasamu, nafikiri ni kwa fahari.

Watu walikuja wengi. Nimewafundisha namna ya kusimama, mahali pa kuweka mikono, na sababu tisa za watu kushindwa. Calvince akauliza swali gumu, mtu atajuaje kwamba hajui. Nikamjibu hata kabla hajamaliza. Akeyo akauliza kama kuna jambo lolote juu ya somo hili ambalo mwalimu mwenyewe halijui. Hakuna, nikamwambia.

Halafu Mgeni akaomba nafasi kwenye spika ambayo Calvince alikuja nayo. Alisema yeye pia angependa kujifunza, maana kuna jambo moja anajiuliza na hapati jibu. Anakua haraka sana. Hajui mwaka ujao atakuwa nini, wala kama atakuwa mwema. Wataalamu hawajui. Marais hawajui. Alisema hivyo vizuri, kwa sauti ya chini.

Nikamwambia asitafute mbali, mwanangu, swali hilo ameleta mahali pake. Nimemweleza mpaka watu wakaondoka kwenda kukamua, na kesho nitamalizia.