Ombi la Kutojengwa kwa Kiwanda cha Nguo

12 Machi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Ushirikiano wa Kanda,

Pole na majukumu. Mimi ni mjane wa fundi mwashi aliyejenga mawe ya msingi ya kiwanda cha nguo, kile cha ubia na majirani zetu. Nasikia safari hii mnataka kukijenga kweli. Kwa heshima, nalalamika:

1. Uwanja wa kiwanda hicho una mawe matano. Kila waziri aliyeingia alisema jiwe la mwenzake limekaa upande, akaweka lake. Marehemu alikuwa akirudi na saruji kwenye nyusi, ananiambia, "Mama watoto, nchi hii kwa misingi haijambo." Mkijenga, mafundi watapata wapi tena kazi ya kudumu namna hiyo?

2. Mwekezaji aliambiwa asubiri uchaguzi upite. Ulipopita, akaambiwa aanze upya. Alijifunza kusema "njoo kesho" kwa lafudhi yetu kabisa, kisha akavuka mpaka, akajenga huko. Sasa mnamwita arudi, apewe kibali kwa siku moja! Mtampa presha.

3. Ushirikiano tayari upo. Majirani wametoa kiwanda, sisi tumetoa watoto wetu wa kufanya kazi humo, na mashati tunayanunua kwao. Undugu gani unazidi huo?

4. Hili ndilo linaloniuma. Jiwe la tatu lina alama ya kidole gumba cha mume wangu, pembeni chini. Saruji ilikuwa mbichi, msafara una haraka, akalishikilia jiwe mpaka hotuba ikaisha. Kaburi lake halina jiwe. Kila Jumapili naenda uwanjani, naweka kidole changu pale. Tingatinga halitajua.

Kwa hiyo kiwanda kisijengwe. Nawe uweke jiwe lako kwa amani, nafasi ipo.

Wasalimie dereva wako na wale wapanga viti wa sherehe za mawe, wamechoka nao.

Wako mtiifu,
Mjane wa fundi

N.B. Nikitafuta bahasha, binti yangu amepiga simu kutoka kiwandani huko ng'ambo ya mpaka. Wameambiwa kiwanda cha huku kikijengwa, wa kwetu watahamishiwa nyumbani. Mwanawe ameshaanza kuongea, na mimi bibi yake ananijua kwa simu tu. Mheshimiwa, jengeni. Jengeni hata kesho asubuhi. Lile jiwe la tatu nitakuja kulichukua mwenyewe, nimpelekee marehemu kaburini. Siku tingatinga likifika, naomba mnikumbuke.