Sinia ya Profesa na Vifurushi vya DNA

Jumapili, 22 Septemba

Nafasi ni moja tu: ajira ya miaka miwili katika maabara ya Profesa Polixeni, hapa Patra. Tunaoigombea ni mimi na Evanthia. Sote tunafungasha DNA ndani ya chembe nano za mafuta, isiliwe njiani kabla ya kuingia kwenye seli. Ikifika salama, seli inawaka kijani. Za Evanthia zinawaka kuliko zangu. Inaniuma! Lakini kesho ni sikukuu ya mtakatifu mwenye jina la Profesa. Nimemwokea galaktoboureko, keki yetu ya maziwa, sinia nzima, shira inachuruzika. Mkono mtupu haulambwi.

Jumatatu, 23 Septemba

Friji ya jikoni imejaa keki za wanafiki wenzangu. Nikaingiza sinia kwenye friji ya maabara, marufuku au si marufuku. Vichupa vya Evanthia vilinizuia. Nikavihamishia kwenye friza. Bahati mbaya tu! Chembe zikiganda hupasuka, DNA hubaki uchi. Nilimtakia Profesa miaka mingi. Akala vipande vitatu, akaniita kijana wake. Kazi ninayo!

Jumatano, 25 Septemba

Balaa. Evanthia alivikuta vichupa vyake vimeganda, akaviyeyusha na kuvijaribu hivyo hivyo. Leo seli zinawaka kijani tupu. Kumbe alitia sukari kwenye mchanganyiko, na sukari huzikinga chembe na barafu. Profesa karibu acheze. Dawa itakayosafirishwa hadi visiwani ikiwa imeganda, na ifike nzima! Akauliza nani mwenye wazo la kugandisha. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Akanipongeza, kisha akasema haya basi, bwana mwenye wazo, gandisha na zako tuone.

Ijumaa, 27 Septemba

Zangu zimekatika kama maziwa yaliyochacha. Hakuna seli hata moja iliyowaka. Profesa akaniuliza, mbele ya watu wote, kama sukari yote niliimalizia kwenye sinia. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kazi kapewa Evanthia. Nimelia chooni.

Jumatatu, 30 Septemba

Evanthia kaniombea kibarua cha miezi mitatu cha kuosha vyombo vyake. Kanikabidhi na vichupa vyote. Eti kaka Thrasivule, nakuamini, bila wewe nisingegandisha. Maskini, roho nzuri! Nimefurahi kupita kiasi. Baridi ilishindwa. Joto bado sijalijaribu, na oveni ya kukaushia vyombo iko chini yangu.