Bitiruti, Busu na Presha Yangu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Presha juu! Mimi, bwana harusi wa majuzi! Sista Nyawira wa kliniki alinieleza: ateri zimetandikwa seli kwa ndani, kama zulia. Zikiridhika, hutoa gesi inayoamuru misuli ya mshipa ilegee, damu ipite kwa raha. Zikiudhika, hutoa kemikali ya kuubana. Zangu zimenuna. Nipunguze chumvi, nitembee kila siku, Ijumaa nipimwe tena.

Kasiva wangu, ua langu, alilia. Presha ndiyo iliyomwondoa babake. Alisema hakuolewa nami, Kiilu, ili awe mjane. Naapa, itashuka! Lakini kutembea? Na baridi hii ya Juni?

Jumanne, 10 Juni

Nimepata! Jacklyne, muuza juisi wa Kenyatta Market, asema bitiruti, kile kiazi chekundu, huupa mwili gesi ileile. Nitembee ya nini? Nikamaliza jagi zima. Kasiva akaona midomo yangu myekundu, akauliza nimemng'ata nani. Busu akaninyima, eti nanuka shamba lililonyeshewa. Msiba! Mbio hadi duka la dawa, nikanunua dawa ya kusukutua, ile kali inayoua vijidudu vyote. Nikasukutua. Busu! Na jingine! Lo, ndoa tamu!

Jumatano, 11 Juni

Bitiruti, sukutua, busu. Mzee Gurcharan, jirani yetu hapa Woodley, alipita na raba zake nyeupe za mazoezi. Akanitania eti nanenepa kama ndama wa sherehe, nitoke tutembee, kijana. Nikamwambia sayansi haihitaji raba. Kasiva akamsifu, eti mzee wa miaka sabini ana presha ya mvulana. Wivu? Mimi? Nikaongeza jagi.

Ijumaa, 13 Juni

Imepanda! Sista Nyawira akataka kujua nimefanya nini. Nikamsimulia kwa fahari. Alicheka mpaka akaketi. Kumbe bakteria wa mdomoni ndio huanza kazi ya kugeuza bitiruti kuwa gesi, nami nimekuwa nikiwachinja kila jioni! Akanisihi: tembea tu, bwana Kiilu.

Kasiva hakucheka. Alinishika mkono njia nzima. Kisha akasema kesho alfajiri tutaandamana na Mzee Gurcharan.

Jumatatu, 16 Juni

Kasiva na Mzee wanatembea wawili tu. Mimi nina mpango bora. Ikiwa bakteria ni rafiki zangu, basi adui ni mswaki! Niliutupa Ijumaa ileile. Leo Kasiva amerudi kutoka matembezini, mashavu yanang'aa. Nikamkumbatia, nikamnong'oneza sikioni kwamba nitaishi miaka mia kwa ajili yake.

Amefungua madirisha yote. Mapenzi yangu yamemtia joto, maskini!