Barua ya Nusu Ukurasa

Jumatatu, 4 Mei

Mjukuu wangu ni mpumbavu! Naandika hapa kwa sababu nimemwambia usoni mara tatu tangu asubuhi na sasa sauti imenikauka. Binti mzima, ana shahada ya kwanza ya hisabati, alama zinang'aa kama sufuria jipya, halafu anaogopa kumkumbusha profesa wake barua! Barua moja tu. Fomu kajaza. Vyeti katoa nakala. Maelezo ya kwa nini anataka shahada ya uzamili kayaandika mara tisa, na yote tisa kanisomea mimi. Kilichobaki ni barua ya mapendekezo, ndani ya bahasha iliyofungwa. Mwisho wa kupokea ni Jumatatu ijayo, saa kumi. Ukichelewa, unangoja miaka miwili, maana idara hiyo haichukui watu kila mwaka.

Nikamuuliza anakwenda kusoma nini ambacho hajakisoma. Akasema namba tasa. Nimezaa watoto sita, mjukuu anakwenda kusomea utasa! Akanieleza, taratibu kama anamlisha mgonjwa, kwamba ni namba zisizogawanyika. Nikamwambia hata mimi sigawanyiki, na hakuna aliyenipa shahada.

Kesho nampeleka mwenyewe. Magoti yanauma. Basi.

Jumanne, 5 Mei

Ghorofa ya tatu! Ngazi sitini na sita, nimezihesabu kwa maumivu. Mjukuu akasema ni sitini na saba, na kwamba hiyo nayo ni tasa. Akatabasamu peke yake. Mungu nipe subira.

Ofisi ya Profesa ina viti viwili. Kimoja kakalia yeye, kingine kimekaliwa na makaratasi. Chaki mpaka kwenye nyusi. Mimi nikasimama, na magoti haya! Mjukuu akaanza kutafuna maneno. Nikamwondolea aibu: nikamwambia Profesa kwamba mtoto ana wiki tatu anauzunguka mlango wake kama kuku anayetafuta pa kutaga. Profesa akashangaa. Akasema barua iko tayari tangu mwezi uliopita, alikuwa anangoja mwenyewe aje aichukue. Wapumbavu wawili, mmoja kila upande wa mlango!

Akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akapitisha saini yake juu ya ulimi wa bahasha, nusu huku nusu kule. Akasema isifunguliwe mpaka ifike dirisha la udahili. Mjukuu akaahidi. Mimi sikuulizwa.

Jumatano, 6 Mei

Amekuja Mama Pazia. Huyu ni jirani wa ukuta mmoja, na pazia lake halijatulia tangu ahamie. Mjukuu wake wa kiume anaomba kwenye idara hiyohiyo. Akajikalisha kwenye kiti changu kizuri, akasema barua ya mjukuu wake ni nene, kaiminya kwa vidole akahesabu karatasi tatu. Akauliza, na yenu je, shoga? Nikasema nne.

Alipotoka nikaiminya yetu. Karatasi moja! Nyembamba kama shukrani za wakwe.

Mjukuu alikuwa kaenda kutoa nakala nyingine. Nikabandika birika. Sikufungua kitu mimi. Mvuke ulifungua, mimi nilishika tu. Na ndani? Nusu ukurasa! Shule niliachia darasa la nne, nasoma kwa kidole chini ya mstari, lakini nusu ukurasa naijua hata bila kidole. Tena kaandika kwamba mwanafunzi huyu anakosea kwa ujasiri, kisha analiona kosa lake kabla ya mwalimu. Anakosea! Ndiyo sifa hiyo? Mtoto kakonda miaka mitatu juu ya vitabu, leo anaandikiwa anakosea!

Nikachukua kalamu, nikaongeza karatasi mbili zangu. Kwamba namjua tangu ana meno mawili. Kwamba akiwa na miaka minne alikataa kutoka bafuni mpaka amalize kuhesabu vigae, na kesho yake akarudi kuhakikisha. Kwamba hana makuu, ila akinuna ananuna wiki nzima. (Ukweli lazima usemwe.) Kwamba yule wa jirani asichukuliwe kabla yake, kwani mpaka leo anavaa soksi zisizofanana. Nikafunga kwa gundi ya unga na maji.

Imenona sasa. Nimejilaza mchana kwa amani.

Alhamisi, 7 Mei

Sitaki kuandika leo. Naandika.

Dirisha la udahili lina kitundu chini mno. Lazima uiname, kama mtu anayeomba radhi kabla hajakosa. Karani ni mama mwenye miwani ya mnyororo. Akaipitishia bahasha kidole. Akakirudisha kidole. Saini ya Profesa ilikuwa imehama: nusu ya juu haikutani na ya chini, kama ndugu waliogombea shamba. Na unga umechungulia pembeni. Karani akaifungua palepale, karatasi zangu zikadondoka juu ya meza yake.

Akasema bahasha imechezewa. Akasema huo ni udanganyifu, na kama Profesa hatatoa maelezo kabla ya Jumatatu saa kumi, ataliandika neno hilo kwenye faili. Na mwenye faili la namna hiyo haombi tena pale. Si miaka miwili. Maisha.

Mjukuu akaniangalia. Akaelewa yote. Lakini hakunitaja! Akainama tu kwenye kile kitundu, akasema samahani, mama, kama yeye ndiye mkosaji. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya watu kumi na wawili. Na mdomo wangu, huu ambao haujawahi kukosa neno harusini wala msibani, ukakosa. Nikasema magoti yananiuma. Nikaenda kukaa kwenye benchi.

Njia nzima kimya. Nikamwambia jua ni kali. Kimya. Nikamwambia basi ninune mimi. Kimya.

Ijumaa, 8 Mei

Nimepanda ngazi peke yangu. Profesa aliponiona akayatoa makaratasi kwenye kiti, akaniambia karibu ukae, mama. Hapo nikajua mambo yameharibika kweli.

Nikamwambia bahasha ilijifungua kwa unyevu. Akauliza, kwa upole, kama unyevu huohuo ndio unaozijua soksi za jirani. Kumbe karani alishampigia simu, akamsomea neno kwa neno!

Nikakasirika. Ndiyo dawa yangu siku zote. Nikamwambia kosa ni lake, nusu ukurasa kwa mtoto wa watu, kwani wino umepanda bei? Akangoja nimalize. Alingoja sana. Kisha akasema wanakamati wa udahili wanamjua: kwa miaka ishirini huwa anaandika mistari mitatu, anatia saini. Nusu ukurasa hajamwandikia mtu mwingine yeyote. Nikauliza, na hiyo habari ya kukosea? Akasema katika hisabati asiyekosea ni yule ambaye hajajaribu kitu kigumu.

 

Akanisogezea karatasi, niandike nani aliyefungua. Kalamu yake mbovu. Miaka sabini na mmoja sijawahi kuandika kosa langu kwenye karatasi ya watu. Nikamkumbuka mtoto kwenye kile kitundu, mgongo umepinda. Nikaandika: Nilifungua mimi, bibi yake. Mtoto hakujua. Na ningefungua tena, kwa sababu karatasi moja ni aibu.

Profesa akaniomba nifute sentensi ya mwisho. Nikakataa. Akashusha pumzi, akaweka rula chini ya "hakujua", akaikata karatasi hapo.

Jumatatu, 11 Mei

Barua mpya Profesa kaipeleka kwa mkono wake. Hakuipitisha hata kwenye mtaa wetu. Karani kagonga muhuri saa kumi kasorobo. Neno lile halikuandikwa.

Mjukuu akanitengea chai, akafungua kinywa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Akasema, Bibi, nakupenda, na najua ulichokiandika kwa Profesa. Lakini usinisaidie tena. Nikasema sawa. Nilikuwa nimechoka. Mtu akichoka anasema lolote.

Jumatano, 17 Juni

Kachaguliwa! Barua kaisoma amesimama mlangoni, akairudia amekaa, kisha akalala sakafuni anacheka na machozi yanatiririka mpaka masikioni. Nikamwambia sakafu ni baridi. Nikalala naye pembeni kidogo. Kuinuka ndiko kulikonishinda, akanivuta.

Mjukuu wa Mama Pazia yuko kwenye orodha ya akiba. Nimempa pole yake kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu.

Nimefikiri sana. Kamati ilikuwa na nusu ukurasa wa Profesa. Lakini karatasi zangu mbili zilisomwa kwenye simu, ofisini, watu wanasikia. Maneno hutembea. Ipi iliyowagusa? Sisemi. Watadhani najisifu.

Sasa barua inataka achague msimamizi kati ya watatu kabla ya mwisho wa mwezi. Yeye anasema atafikiri. Atafikiri! Mtu wa kukaa naye miaka miwili hachaguliwi kwa kufikiri. Anakwenda kutazamwa kwake: anavyojibu akigongewa mlango, anavyomsemesha mkewe, kama viti vyake vina watu au makaratasi. Wawili nimeshajua wanakoishi. Wa tatu nitauliza njiani.

Na wewe mtoto, najua unalisoma daftari hili nikisinzia. Lifunge. Nipigie pasi gauni langu la kutokea, na kesho saa mbili asubuhi nikukute mlangoni umevaa viatu. Tunaanza na anayekaa karibu.