Jinsi Nilivyomfundisha Kija Kusema

Jumatatu, 12 Juni 1995

Kibao kimesimama! "M. MASHIMBA, MTAALAMU WA MAKUZI YA WATOTO." Herufi nyekundu, zinasomeka mpaka barabara ya Musoma. Kiwanda cha pamba kilinipunguza kazini Februari, lakini hakikunipunguza akili. Utaalamu nimeutoa kwenye kitabu cha Kiingereza nilichokiokota mitumbani. Kina sura tatu, nyingine zimechanika. Kwa Igoma, tatu zinatosha.

Mke wangu Modesta aliinua macho kwenye vitumbua vyake akauliza nitaanza lini na Queen, binti yetu mwenye miaka sita ambaye bado anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Nikamjibu kwamba mtaalamu hawatibu wa nyumbani kwake.

Jirani yetu Mwalimu Kaijage, mwenye tuisheni, alipita akasoma kibao mara mbili. Akasema hakuna kosa la herufi. Kwa sauti ile ya kusahihisha madaftari! Kibao chake ni kikubwa kuliko changu. Kwa sasa.

Jumanne, 13 Juni

Mteja! Mama Kija, anayekata minofu ya sangara kwenye kiwanda cha samaki. Bintiye Kija ana miaka mitatu na nusu na hajatamka neno. Hospitali wamempima, masikio mazima. Ukifungua biskuti chumba cha pili, anageuka. Mama anatoka alfajiri, anarudi jioni. Mtoto anashinda ndani na shangazi mzee, kiziwi. Hayo nimeyaandika kwenye faili kwa ukamilifu tu, maana hayahusiani.

Kisha akaanza kulia. Mama mkwe wake anakuja Jumamosi kutoka Buswelu kumchukua mtoto akakatwe udata, ile nyama inayoshika ulimi kwa chini. Kwa wembe wa mzee fulani huko. "Baba Queen, nisaidie kabla hajafika," akaniambia. Nikamwambia siku zilizobaki ni nyingi mno, amlete kila asubuhi akienda zamu.

Jumatano, 14 Juni

Sura ya Kwanza: mtoto asiyesema anahitaji kitu fulani ambacho kamusi inakiita kuchangamsha, kusisimua au kushtua. Nikachagua kushtua. Nikasimama nyuma ya Kija, nikagonga sufuria kwa mwiko.

Kija hakusema kitu. Mbuzi wa Kaijage alikata kamba.

Kaijage akaja na kipande cha kamba mkononi, akauliza kwa upole kama mbuzi naye kasajiliwa. Queen akaja kuomba Kija atoke wakacheze. Nikakataa. Tiba haichanganywi na michezo.

Alhamisi, 15 Juni

Sura ya Pili: tuzo. Neno moja, karanga moja. Nikamwambia Kija aseme "karanga". Akanitazama. Nikamwonyesha mfano: nikasema, nikala. Nikasema tena, nikala. Kufika saa nne sahani ilikuwa tupu, na mimi natamka neno hilo vizuri kabisa.

Tumbo likajaa. Nikajinyoosha dakika kumi, nikaamka saa saba. Queen kaniibia mgonjwa! Niliwakuta nyuma ya jiko wanapika ugali wa udongo. Queen anaongea bila kupumua: lete kuni, usimwage, wageni wanakuja, wewe ndiye mama mwenye nyumba. Kija ana tope mpaka kwenye nyusi, anacheka. Nikambeba kumrudisha ndani. Akapiga kelele za kupasua mabati. Nimeandika kwenye faili: sauti anayo. Karanga zimefanya kazi.

Ijumaa, 16 Juni

Sura ya Tatu: mtoto ajione kwenye kioo. Nikachukua kioo cha Modesta. Kija alichungulia nyuma ya kioo, akaona hakuna mtu, akaenda kusimama mlangoni. Nimekaa naye saa nzima nikimbembeleza. Kesho ni Jumamosi. Ukweli ni kwamba naogopa.

Kaijage akaingia bila kukaribishwa. Anasema kafundisha darasa la kwanza miaka ishirini, na mtoto wa namna hii aachwe tu na wenzake wanaoongea. Huo ndio ushauri? Nikamwuliza uko ukurasa wa ngapi. Akaniaga kwa heshima. Heshima yake ndiyo inayoniudhi zaidi.

Nikashinda mitumbani natafuta sura zilizobaki. Hakuna. Kurudi, watoto wote wawili tope tupu. Sikuwa na nguvu ya kugomba.

Jumamosi, 17 Juni

Bibi Kashindye, yule mama mkwe wa Buswelu, aliingia saa tatu, mwanamke mkubwa, kitenge kipya. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba. Mtoto yuko wapi?" Nikaanza kumweleza Sura ya Kwanza. Akainua mkono kunikatiza. Mama Kija anasokota ncha ya khanga, haangalii mtu.

Nyuma ya jiko Queen akaita, "Kija, ugali umeiva?"

"Bado!"

Sauti hiyo hakuna aliyeijua. Tukatazamana.

"Na sasa?"

"Bado! Maji!"

Mama Kija aliketi chini palepale. Bibi Kashindye akazunguka jiko, sisi nyuma yake. Akainamia kile chungu cha tope, akauliza polepole kama ugali umeiva. Kija akampima kutoka juu mpaka chini.

"Bado, bibi. Kaa."

Bibi akakaa. Kwenye tope, na kitenge chake! Akapewa udongo kwenye jani, akajifanya anakula, akaomba uongezwe. Habari za wembe hazikutajwa tena. Jioni aliondoka peke yake.

Mama Kija alinishika mikono yote miwili, analia na kucheka. Akauliza ni nini hasa kilichomsaidia mwanawe. Nikamjibu bila kusita: karanga. Modesta alikohoa jikoni. Moshi, nadhani.

Jumatatu, 19 Juni

Sifa zimevuka Igoma! Asubuhi hii wamekuja watoto wengine wanne, mmoja kutoka Igogo kabisa. Na Kija sasa anashinda hapa, Modesta alimkubalia mama yake kabla sijafungua mdomo. Kaijage kanipongeza. Wivu mtupu.

Nimeanza kuandika kijitabu changu mwenyewe, kwa Kiswahili, ili wazazi wa Kanda ya Ziwa wafaidike na ugunduzi huu. Nimeshindwa kumaliza ukurasa wa kwanza. Watoto wote sita wako uani wanauziana samaki wa majani, wanabishana, wanaimba. Nimetoka mara tatu kuwanyamazisha. Mtu ataandikaje namna ya kumfanya mtoto aongee katika kelele kama hizi?